Muulize Somo: Nimeziba njia ya watu wa mwani, sasa kijiji kizima kimeninunia

Shikamoo Somo,

Mimi ni mdada wa miaka 31 kutoka Nairobi. Nafanyia kampuni ndogo tatu za huko hesabu zao, yote kwa intaneti, kwa hivyo mradi stima iko na bando iko naeza fanya kazi popote. Bahari nilikuwa naijua ya kwenda Mombasa Desemba siku nne narudi. Sasa mwaka huu nilichoka, nikasema acha nijaribu kuishi pwani kabisa, lakini si kwetu, mahali sijulikani.

Nikafika Zanzibar mwanzo wa Mei, niko Jambiani. Nyumba nilipata kwa dalali mwenye alinitumia picha kwa simu, vyumba viwili, kuta za mawe ya matumbawe, juu makuti, kibaraza mbele, na bahari iko hapo hapo kama hatua arobaini. Akaniambia nikilipa miezi sita mara moja atanipunguzia, nikalipa. Sikuuliza kitu Somo, yani hata angenionyesha banda la kuku lenye linaangalia bahari ningelipa.

Nikifika nikakuta mambo mengine kabisa. Maji ya bomba ni chumvi, sabuni haitoi povu, nywele zimekuwa kama katani. Pampu ya kisima imeungua mara mbili na kila mara fundi anakuja ananiambia "ulivuta hewa" kama mimi ndio niliuma waya. Kuna unga unga unaanguka kutoka kwa dari kila usiku, naamka kitanda ni kama kimenyunyiziwa kahawa. Upepo unapiga mlango wa mbele mchana na usiku, mchanga uko hadi ndani ya sukari. Dalali sahii hashiki simu.

Hizo zote ningevumilia. Kenye kimenifanya niandike ni njia.

Hii nyumba haina ua, iko wazi, na kumbe kuna kanjia kanapita kando ya dirisha la chumba chenye nafanyia kazi. Wamama wanapita hapo kwenda baharini, wako na kamba na magunia, wengine na vijiti virefu vya kuchokoa pweza. Siku zingine hawapiti kabisa, nasahau hata kuna njia, halafu ghafla siku nne tano mfululizo wanapita kundi zima kama saa tatu asubuhi, na saa tatu ndio niko na mitingi na mabosi wa Nairobi. Mmoja anaingiza kichwa dirishani "Hodi! Umeamkaje? Hujambo? Wa nyumbani hawajambo? Mume yuko wapi?" na kamera iko on, watu sita wanaangalia. Bosi mmoja siku hiyo akauliza niko sokoni ama niko kazini. Wakirudi saa sita wamebeba mwani unatiririka maji, wanauanika kwa mchanga hapo mbele ya kibaraza changu, na harufu yake wewe unaijua.

Nikaongea na kijana wa bodaboda akaniletea makuti na nguzo, tukazungusha fensi nyumba nzima, nikaweka mlango na kufuli. Sikuona kama nimekosea, nimelipa kodi ama sijalipa?

Hakuna mtu alikuja kunigombeza. Ndio imenimaliza hiyo. Wamama wanazunguka mbali sana sasa na yale magunia kichwani, nawaona kwa dirisha. Mtoto mwenye alikuwa ananiletea samaki wa tasi haji. Wa mkokoteni wa maji nikimuita anasema madumu yamekwisha na naona yako. Dukani nikiingia watu wananyamaza, nauziwa, naenda. Na jirani yangu, mama mtu mzima, yeye siku ya pili tu nimefika aliniletea sahani ya mkate wa kumimina, sahii akiniona anaingia ndani. Sahani yake ata bado ninayo.

Sijui nifanye aje. Nikifungua njia nitaonekana nimeshindwa, nikikaa hivi miezi minne imebaki nitakuwa mwendawazimu, nikirudi Nairobi pesa imeenda. Na usiniambie nihamie hoteli, sina hizo pesa.

Alafu kitu cha mwisho, usinicheke. Usiku kuna mtoto analia juu ya mnazi. Mtoto kabisa, mchanga. Nikiwasha tochi hakuna mtu. Nimewauliza marafiki wa Nairobi wakaniambia nitoke hiyo nyumba.

Ni mimi, Mpangaji wa Jambiani

*

SOMO ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Ua huo uondoe leo. Barua hii uiache hapo hapo, ukafungue kufuli kwanza, nguzo na makuti utatoa taratibu na huyo kijana wako, kisha urudi usome yaliobaki.

Umesharudi? Haya.

Mie nimezaliwa Makunduchi, hapo chini yako tu, kwa hivo siongei nawe kwa habari za kusikia. Unaniuliza umelipa kodi ama hujalipa. Umelipa, nyumba ni yako mpaka miezi yako iishe, hakuna mtu atakaekutoa. Lakini nyumba ndo ulikodi. Ile njia haikuwemo kwenye kodi kwa sababu dalali hana uwezo wa kuikodisha, na wala mwenye nyumba hana. Hao kina mama wameikuta, na mama zao wameikuta, na ukitazama nyumba za zamani za Jambiani utaona zimeachiana nafasi kwenda pwani, hakuna aliejisahau akaacha uwazi ule. Sisi kwetu mtu kuziba njia ya pwani ni kama kuziba mlango wa kisima. Hatugombi, tunanyamaza. Nyie wa Nairobi mngepiga kelele yakaisha siku ile ile, sisi tunanyamaza mpaka mtu aumwe na tumbo, na mie sisemi kama hiyo tabia nzuri, lakini ndo tulivyo.

Na kuhusu mwani unaokunukia. Kilimo hiki kilianza kwetu mwaka 1989, na Paje na Jambiani ndo pa mwanzo. Kabla ya hapo mwanamke wa kijijini pesa yake mwenyewe alikuwa akiitoa wapi? Kusuka kamba za usumba, kuuza chapati mbili tatu, basi. Mwani ndo uliowatia mama zetu pesa mkononi bila kumuomba mume, watu wamejenga nyumba za matofali kwa mwani, wamesomesha. Tena bei yenyewe ya kilo ni ndogo inatia huruma, mtu anafunga vipande kwenye kamba kimoja kimoja, anangoja wiki sita, anavuna yumo majini mpaka kiunoni, anaubeba mbichi mzito kama mawe, anauanika, ukinyeshewa anaanza tena, halafu unasafirishwa huko nje unatolewa kitu cha kugandishia dawa ya meno na aiskrimu. Kwa hivo ile dakika kumi unayomzungusha na gunia kichwani, mwanangu, ni gunia la kweli na kichwa cha kweli. Umesema unawaona kwa dirisha. Nimeifurahia hiyo sentensi, maana ungekuwa huna moyo usingeiandika.

Sasa utakwenda kwa jirani. Umekaa na sahani ya watu karibu miezi miwili? Alaa! Hilo pengine limemuuma kuliko ua. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu na wala hailali nyumbani kwa mtu mpaka ikasahau kwao. Kwani wewe si mtu wa Kenya? Chapati unajua. Pika chapati za kwenu zile laini, jaza sahani, funika kitambaa safi, nenda baada ya alasiri jua likipungua. Jifunge khanga, na kichwani tia nyengine, hata dukani uwe unakwenda hivo, kaptura na vesti viache ufukweni kwa wageni wenzio. Piga hodi ukiwa nje, subiri. Usipojibiwa mara tatu rudi, kesho tena. Ukikaribishwa kaa hapo utakapooneshwa, usikimbilie maneno, salimia mpaka salamu ziishe, na kwetu haziishi upesi. Halafu sema hivi tu: "Mama, nilikosa, sikujua. Njia nimeifungua. Naomba mniwie radhi." Usitie "lakini". Usianze kueleza habari za mitingi na mabosi. Na usitoe pesa, ukitoa pesa umeharibu kila kitu.

Huyo mama atakwambia "yamekwisha mwanangu" na kabla ya magharibi kijiji kizima kitakuwa kinajua, hutohitaji kupita nyumba kwa nyumba. Kuonekana umeshindwa? Na nani? Wao walikuwa hawashindani na wewe.

Na lile la kukuuliza mume yuko wapi, wewe umeliona ni umbea, na umbea umo sikatai, lakini mwanamke peke yake kwenye nyumba isiyo na ua, watu wanataka kujua ukiumwa usiku wamwite nani. Wajibu tu. Mwambie sina, niombeeni. Watacheka na utapumua. Na ulimi wako nao ulegeze kidogo, maana Kiswahili chenu cha Nairobi kwa masikio yetu kinakuwa kama amri, "nipe maji", "leta samaki". Sema "naomba", sema "samahani", na mtu mzima mpe shikamoo yake kama ulivonipa mie.

Haya, mitingi. Mbona dawa yake umeiandika mwenyewe bila kujua, umesema siku nyengine hawapiti kabisa, halafu siku nne tano mfululizo wanapita saa tatu. Hilo ni bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hutoka sana, mpaka unaweza kutembea kwa miguu karibu na mwamba kule mawimbi yanapokatika, na bamvua kwetu maji yanakuwa yametoka kabisa kwenye saa nne kwenda saa tano asubuhi, ndo maana saa tatu wao wako njiani, wayawahi yakitoka. Na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni yamejaa, usishtuke yakipiga karibu na kibaraza. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayatoki ya maana, shamba la mwani haliendeki, ndo zile siku unazosahau kama pana njia. Kwa hivo hizo ni siku chache tu kila wiki mbili na unazijua mwezi mzima kabla. Tazama mwezi, au muulize huyo kijana wa tasi akirudi, waambie mabosi wako siku fulani na fulani tukutane saa nane. Au zaidi ya hapo, hamisha meza! Una vyumba viwili, kwa nini ofisi umeiweka kwenye dirisha la njia? Hamia chumba cha nyuma, na huko nyuma ndo upepo haupigi, maana sasa hivi ni kusi, linapuliza toka Mei mpaka huko Septemba na linakuja moja kwa moja kutoka baharini usoni pa nyumba yako. Madirisha ya mbele yafunge mchana, ya nyuma yaache wazi, mchanga utapungua. Hiyo laptopu nayo usiilaze mezani wazi, chumvi inakula kila kitu cha chuma, ifute kwa kitambaa kikavu jioni uitie kwenye mfuko na sukari uitie kwenye chupa.

Tena pampu. Fundi hakukutukana, alikueleza vibaya. Kisima cha karibu na pwani maji yake yanapanda na kushuka kwa kufata bahari. Kisiwa chetu upande huo ni mawe ya matumbawe yenye matundu, maji ya mvua yanazama yanaelea juu ya yale ya chumvi, tabaka jembamba tu, sasa wewe ukiwasha pampu bahari imekupwa, kisima kimeshuka, pampu inavuta hewa inaungua. Na ukivuta kwa pupa mpaka tabaka la juu likaisha inakuja chumvi yenyewe. Vuta wakati maji yamejaa, kidogo kidogo, jaza tenki halafu zima, usiiache ikajizima. Hiyo chumvi haitakwisha yote, usijidanganye. Kuoga oga nayo, kisha nywele zimalizie na kopo mbili za maji baridi, yaani yasiyo chumvi, ya mkokoteni (madumu yataonekana tu ukishatoa ua, utaona ajabu). Ya kunywa nunua, na ya kisima usinywe hata ukiyachemsha, kuchemsha hakuondoi chumvi na hujui shimo la choo lipo umbali gani.

Unga wa kitandani ni boriti zinabunguliwa, wadudu wanakula mbao. Nyumba haiangukii kesho. Juu ya chandarua tandaza khanga kuukuu, asubuhi unaikung'uta nje. Mwenye nyumba ndo apake dawa hizo boriti, na hapa nakuja kwenye kitu kilichonitia wasiwasi kuliko vyote, kwamba barua yako yote ndefu hivi hujamtaja mwenye nyumba wala sheha, yaani kiongozi wa serikali hapo mtaani kwenu.

Umemlipa dalali miezi sita na mwenye nyumba humjui? Kesho asubuhi, uwe ushapeleka sahani, mwambie jirani akupeleke kwa sheha. Ilikuwa ufike kwake wiki ile ile ya kwanza, mgeni akihamia kwenye shehia lazima sheha ajue. Chukua pasi yako na kila ujumbe wa simu wa malipo. Sheha atamjua mwenye nyumba ni nani, na usishangae ukikuta ni mtoto wa dada yake huyo huyo jirani. Andikeni karatasi, kodi imelipwa kiasi gani, mpaka mwezi gani, pampu ya nani, paa la nani, saini na mashahidi. Dalali kama alichukua pesa yote akampa mwenyewe nusu utalijua hapo, na ni heri ulijue sasa kuliko siku mtu anakuja na familia yake na mabegi.

Pasi yenyewe ifungue utazame muhuri. Wakenya mnaingia bila viza, sawa, lakini muhuri una siku zake. Kama umegongewa siku 90 tangu mwanzo wa Mei, zinakwisha mwanzo wa Agosti na kodi yako inakwenda mpaka Oktoba. Nenda Uhamiaji mapema, tena uwaeleze wazi kazi unayofanya na unalipwa na nani, kuwa wa Afrika Mashariki hakukupi ruhusa ya kufanya kazi bila kibali, na hili watu wengi wanalipuuza mpaka linawatoka puani. Ukenda mjini panda daladala ya 309 asubuhi mapema, uchukue na kile cha kulinda friji na chaja, umeme wetu unapanda na kushuka. Ukikatika usilie sana. Sisi Desemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kizima tulikaa bila umeme miezi mitatu, waya wa chini ya bahari kutoka bara umeharibika, na tuliishi.

Mwezi ujao, Julai, kwetu Makunduchi kuna Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa jadi. Wanaume wanapigana kwa magogo ya migomba, kinyongo cha mwaka mzima kinatoka hapo, kisha tunachoma kibanda, tunaimba, tunakula. Siku ile kila nyumba inataka mgeni. Kama ukiwa ushapatana na jirani yako muombe akuchukue. Wewe hutopigwa na mgomba, wanawake hatumo, ingawa nashawishika kusema ulistahili mmoja mdogo.

Na huyo mtoto mchanga wa juu ya mnazi ni komba. Mnyama mdogo wa manyoya, macho makubwa kama vifuniko vya chupa, analia usiku kuitana na wenziwe, na anapenda ndizi na tembo la mnazi mpaka analewa. Ukimulika na tochi angalia juu, usimulike chini kutafuta mtoto, utaona macho mawili mekundu. Ndizi usiache kibarazani, ukimlisha mara moja utakuwa nae mpaka Oktoba.

Somo